Alikuwa Anakuja ama Anaenda

Katani ikilowekwa majini hunuka. Si uvundo wa kukufanya uzibe pua. Ni harufu kama ya maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni, na ikishakuingia utotoni haikutoki. Jumamosi iliyopita mwenzetu mmoja katika kikundi cha kusoma vitabu hapa Kitui mjini alikuja na kiondo kipya, kikapu cha katani, bado kibichi, akakiweka chini ya meza karibu na miguu yangu. Nusu ya mjadala wa siku hiyo sikuusikia.

Tulikuwa tunajadili riwaya ya upelelezi. Ni hadithi ya askari mpelelezi anayefungua faili la mama yake mwenyewe, aliyepotea yeye akiwa mtoto, faili ambalo wenzake walikwisha kulisahau kabatini. Anazunguka, anauliza, anadanganywa, na mwishowe anaujua ukweli wote. Kisha anaamua kutomwambia baba yake, mzee aliyekaa miaka yote akiamini kwamba mkewe alimkimbia. Hapo ndipo kikundi kilipogawanyika.

"Huyo ni mpelelezi wa aina gani?" alisema Mwalimu Nduku, amekasirika kana kwamba faili lilikuwa la kwao. "Unapata ukweli halafu unaukalia kama kuku anaatamia?"

"Mwalimu, huyo mzee ameshazoea uchungu wake," mke wa pasta akamjibu. "Ukimpa mwingine mpya saa hii, umemsaidia nini?"

Kijana wa benki alilalamika tu kwamba alimjua mwenye makosa tangu chapta ya tatu. Kisha wote wakanigeukia. Mimi ndiye mwenye mdomo katika kikundi hicho. Sijaona kitabu nisichokikosoa. Nikasema mwandishi amejitahidi. Wakacheka, wakadhani sijasoma. Nilikuwa nimekisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikifunga pale mzee anapopiga magoti kumwomba Mungu amsamehe yule mke aliyemkimbia. Nilishindwa kuendelea, kwa sababu mzee huyo namjua. Kwetu ni mwanamke, na anaitwa Mama Kioko.

Nililelewa na Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya, huko upande wa Tulia, kwa kuwa mama alikuwa na kazi ya hoteli Malili. Jina langu ni lake. Kwetu jina si pambo. Ukipewa jina la nyanya yako, basi wewe ni yeye. Sote wawili tulikuwa Katunge, yeye mkubwa na mimi mdogo, na nikikojoa kitandani majirani walimuuliza yeye kama amelala vizuri. Mutua, mwana wa Susu, akiniletea ndizi alisema amemletea mamake. Nilikua nikijiona mzee kuliko wenzangu wote, na pengine ndiyo sababu nikawa na mdomo.

Kila Alhamisi alasiri wanawake wanne watano walikuja kusuka vyondo kwenye kivuli cha ghala letu. Walikunja leso juu ya goti, wakasokota katani kwenye paja mpaka ngozi ya hapo ikawa laini na kung'aa. Katikati yao palikuwa na beseni. Lilikuwa jeupe, la bati lililopakwa rangi, ukingo wa buluu, na ndani kabisa ua kubwa jekundu ambalo kwa kulowekwa katani miaka mingi lilikuwa limeanza kufifia. Kila mtu alilowesha nyuzi zake humo. Jembe letu liliazimwa, sufuria ziliazimwa, hata godoro liliwahi kuazimwa likarudi na kunguni. Beseni halikuazimwa. Mtu akiliomba, Susu alijibu tu, "Hiyo haitoki hapa," na mazungumzo yakaisha.

Mama Kioko ndiye aliyekaa karibu nalo zaidi. Alikuwa jirani yetu, mwembamba, mwenye vidole virefu, na hakuna aliyemshinda kusuka. Mumewe, Wambua, alikwenda Kibwezi kufanya kazi kwenye shamba la makonge Kioko akiwa bado mgongoni, na hakurudi. Wengine walisema ameonekana Malili na mwanamke mnene, amevaa viatu vipya. Mama Kioko hakuwangoja watu wamcheke, aliwatangulia.

"Nilimtuma avune katani," alikuwa akisema, "akavunwa yeye."

Wanawake walicheka mpaka wakapoteza hesabu ya nyuzi. Susu hakucheka. Alichagua katani nyeupe kuliko zote, ile isiyo na vijiti, akamsogezea Mama Kioko. Mimi niliona, lakini mtoto huona mambo mengi ambayo hajui ayaweke wapi.

Kisha mama akaniletea kitabu kutoka Malili. Alikiokoa dukani, ambapo mwenye duka alikuwa akichana kurasa za nyuma kufungia ugoro. Hakikuwa na jalada wala mwisho. Kilikuwa cha Kiswahili, hadithi ya Inspekta mmoja anayetafuta aliyemuua baba yake, aliyekutwa amekufa kando ya barabara Inspekta akiwa mtoto mchanga. Nilikuwa darasa la sita na nilisoma vizuri, nakiri sikuficha hilo. Alhamisi moja nikajitia kusoma kwa sauti karibu na wasukaji, nikigeuza kwa Kikamba pale palipokuwa pagumu. Tangu siku hiyo Alhamisi haikuanza mpaka nije na kitabu.

Sijawahi kukaa na wasomaji kama wale. Hawakujali lugha wala mtindo. Walimjadili Inspekta kama kijana wa kijijini aliyeshindwa kuoa.

"Mimi nasema ni ndugu ya marehemu," mmoja alishikilia. "Ndugu akilia sana matangani, muangalie mikono."

"Wacha wewe. Ni mwenye duka. Kwa nini alifunga duka siku hiyo?"

"Na yule mama wa maziwa? Si yeye ndiye alimuona mwisho?"

"Yule mama hajui kitu," Susu alisema. "Muachane na yeye."

"Aiya, Mama Mutua! Unajuaje na kitabu hakijaisha?"

"Nimesema muachane na yeye."

Susu alikuwa mtu wa utani, na hatukuzoea sauti ile. Nikataka kuendelea, lakini Mama Kioko akainua mkono wake uliolowa, maji yakimchuruzika kwenye kiwiko.

"Mimi huyo muuaji simtaki," alisema. "Katunge, hebu tafuta hapo kwa kitabu. Huyo mwanaume alipatikana barabarani. Bibi yake alikuwa nyumbani. Sasa, alikuwa anakuja ama anaenda?"

Nikapekua kurasa. Nikamwambia bado haijasema.

"Ikisema niambie. Hiyo ingine yote ni yenu."

Akarudisha mkono kwenye beseni. Hakuna aliyecheka. Nikamtazama Susu, na uzi uliokuwa kwenye paja lake ulikuwa umesimama, nusu umesokotwa na nusu bado.

Basi, mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza upelelezi. Inspekta wangu alikuwa na kanuni zake: mwenye hatia hutunza kitu cha aliyemdhulumu, huwafanyia wema mwingi jamaa zake, na hawezi kukaa mbali na mahali pa tukio. Nikaanza kumpeleleza nyanya yangu. Beseni lisilotoka. Katani nyeupe. Na Jumapili za ushuhuda kanisani, ambapo watu walisimama kueleza Bwana amewatoa wapi, Susu alisimama kila mara, akasema, "Bwana asifiwe," akameza mate, akakaa. Wengine walidhani anazuia machozi ya wokovu.

Halafu palikuwa na ule mhogo. Pembeni mwa shamba letu la chini, panapoteremka njia ya mtoni, palikuwa na shina moja la mhogo ambalo halikuvunwa kamwe. Lilikuwa limekuwa mti. Tulivuna mistari yote, tukapanda upya, tukavuna tena, lakini hilo tuliambiwa tusiliguse. Susu alikwenda huko peke yake na kulipalilia. Nikajumlisha mambo yangu yote nikapata jibu. Nyanya yangu alikuwa amemuua Wambua, na Wambua alikuwa amelala chini ya ule mhogo.

Siwezi kueleza jinsi hofu hiyo ilivyokuwa. Nilimpenda Susu, nililala naye kitanda kimoja, na sasa nilihesabu pumzi zake. Tena jina lilikuwa letu sote. Kama yeye ni muuaji, mimi ni nani? Alasiri moja alipokwenda kwenye maombi ya akina mama nikachukua jembe, nikateremka, nikaanza kuchimba. Nilichimba nikilia. Mizizi ilikuwa minene kama miguu ya mtu, na kila nilipoigusa kwa jembe nilipiga kelele.

"Unatafuta nini hapo?"

Susu alikuwa amesimama njiani na Biblia yake kwapani. Nilijaribu kusema panya, nikajaribu kusema kuni.

"Wambua," nikasema.

Hakunichapa. Aliketi chini pale pale na nguo zake za kanisani, akanivuta nikakaa kando yake. Lazima nieleze jambo moja kwanza. Kwetu msafiri mwenye njaa akipita kwenye shamba la mtu anaweza kula. Atang'oa shina moja, atakula hapo hapo bila kubeba, atarudisha kijiti cha mhogo ardhini, na maganda atayaweka njiani, ili mwenye shamba akija ajue kwamba ilikuwa njaa na si wizi. Hata mtoto anajua hivyo.

"Ulikuwa mwaka wa njaa," Susu alisema. "Tulikuwa tumebaki na mhogo tu, na watu walikuwa wanang'oa wanaenda kuuza. Nikafika hapa nikaona mtu amechuchumaa. Nikapiga mayowe. Mwizi! Mwizi! Akaruka, akakimbia kuelekea mtoni. Na alivyokimbia, nikamjua."

"Ulimjuaje?"

"Wambua alianguka kwa mzinga wa nyuki akiwa kijana. Bega moja lilikaa juu. Hakuna mwingine alikuwa anakimbia hivyo. Nilifungua mdomo nimuite kwa jina. Nikaufunga."

"Kwa nini, Susu?"

"Aibu, mwana wakwa. Nimemuita mume wa jirani yangu mwizi, halafu nimuambie karibu nyumbani? Nikasema ataenda kwake, na kesho nitaenda kumuomba msamaha. Nikaangalia chini, kijiti kimerudishwa. Maganda yako hapa njiani, yamepangwa. Na hapo kando alikuwa ameweka beseni mpya, karatasi ya duka bado imebandikwa. Amebeba kutoka Kibwezi kuletea bibi yake." Alifuta uso kwa kiganja. "Hakufika. Mtu ameitwa mwizi kwao, na mkono wake uko wazi, angeingia kwake aseme nini? Mimi nilingoja arudie beseni. Siku zikawa nyingi, na kuirudisha ikawa ni kusema."

Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akilia bila kujificha. Nikamuuliza kwa nini asiseme sasa. Akasema amejaribu kila Jumapili. Kisha akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mimi nimeshindwa na huu mdomo. Lakini wewe ni mimi. Nikienda, utamuambia."

Nikaitikia. Mtoto huitikia chochote ili nyanya yake anyamaze. Pia, nitasema kweli, nilikuwa nimefurahi. Hakuna maiti chini ya mhogo! Niliifukia mizizi ya mhogo kwa mikono huku moyo wangu ukiwa mwepesi, na wepesi huo ndio unaoniudhi zaidi nikiukumbuka, kwa sababu sikumfikiria Mama Kioko hata kidogo.

Alhamisi iliyofuata nikafika kwenye ukurasa wa mwisho ambao mwenye duka alituachia. Wanawake walilalamika, kisha kila mmoja akatunga mwisho wake, na ndugu wa marehemu akafungwa, akanyongwa na kuokoka katika alasiri moja. Mama Kioko aliwaacha wamalize.

"Na ile yangu?" akaniuliza. "Ilisema?"

Susu alikuwa ameinama. Mkono wa Mama Kioko ulikuwa ndani ya beseni, juu ya ua lile jekundu.

"Kitabu hakikusema," nikajibu.

Susu alikufa nikiwa sekondari. Nikalichukua beseni, kwa kuwa lilikuwa la Katunge na Katunge aliyebaki ni mimi. Nilijiambia nitasema matanga yakiisha. Kisha nikasema nikimaliza shule. Baadaye nikapata kazi mjini na nikaona si vizuri kulichafua jina la marehemu, hasa jina lenyewe likiwa langu. Sababu sikukosa hata siku moja.

Kisha Kioko akapata mtoto wa kwanza, wa kiume. Kila mtu alijua jina lake kabla hajazaliwa, kwa sababu mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu yake. Tulialikwa wote, mbuzi akachinjwa. Mama Kioko akasimama na mtoto mikononi, akasema mwanaume aliyemwacha na kichanga mgongoni hatarudishwa na yeye kupitia kwa mjukuu. Akasema jina la Wambua lisitajwe tena katika boma lake. Kioko akainamisha kichwa. Mtoto akaitwa Mwendwa. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo ningeweza kumgusa, nikiwa mtu mzima mwenye kazi yake, na sahani ya nyama mapajani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiria Jumamosi, na kile kiondo kikininukia miguuni. Mwalimu Nduku alisema ukweli haukaliwi, mke wa pasta akasema mzee aachwe na amani yake. Mke wa pasta amenitetea miaka mingi bila kujua. Lakini hiyo si amani, ni jambo la uwongo tu ambalo mtu amelizoea. Jumapili sikwenda kanisani. Nilitoa vitunguu kwenye beseni, nikaliosha, nikapanda gari la Tulia.

Mama Kioko alikuwa nje, ameegemea ukuta kwenye jua, macho yamekuwa na ukungu lakini vidole bado vinasokota. Mwendwa, sasa kijana mrefu kuliko baba yake, alikuwa uani akitengeneza pikipiki.

"Wakya, Katunge," alinisalimu aliposikia sauti yangu.

"Aah, Mama."

Nikamwekea beseni mapajani. Alilipapasa ukingo, akacheka.

"Hii naijua. Ni ya Susu yako. Leo imetoka?"

"Si ya Susu. Ni yako."

Nikamwambia yote kama nilivyoambiwa. Mayowe, bega, mdomo uliofunguka ukafungwa. Sikumpamba Susu wala sikujipamba. Nilipomaliza mkono wake ulizunguka ndani ya beseni kavu, kama aliyekuwa akitafuta nyuzi.

"Kwa hivyo alikuwa anakuja," alisema.

"Alikuwa anakuja."

"Alikula?"

"Alikula. Alirudisha kijiti, na maganda aliyapanga njiani."

"Wambua hangeacha kijiti nje. Alikuwa amekonda?"

Sikujua. Susu hakuniambia, nami sikuuliza. Akaniuliza kama alikuwa na viatu, na hilo pia sikulijua. Aliyelijua tulimzika.

"Nimetukana huyo mtu miaka yote hii," alisema, "na mkono wangu uko ndani ya zawadi yake." Kisha akanigeuzia yale macho yenye ukungu. "Wewe ulijua lini?"

"Nikiwa darasa la sita."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, Mama."

"Na siku ya jina la huyu mtoto ulikuwa hapa."

"Nilikuwa."

"Ulinisikia vile nilisema."

"Nilikusikia."

"Ukakula nyama."

"Nilikula."

Nilisema nisamehe. Hakusema amenisamehe, wala hakunifukuza. Alilishusha beseni chini taratibu, akaelekeza uso upande wa pikipiki, akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo.

"Wambua!"

Mwendwa aliendelea kukaza nati. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, mpaka kuku wakatawanyika.

"Wambua! Kuja hapa!"

Kijana akainua kichwa. Alimtazama nyanya yake, akanitazama mimi, kisha akageuka nyuma kuitazama njia itokayo mtoni, aone ni nani anayekuja.